Ni na Niko

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
Ombeni huja na begi lake mgongoni,
mwaka wa tatu pale Mlimani,
elfu kumi kwa saa, na chai, na chapati kama zipo.
Ubao wetu ni mlango wa jokofu.
Nami, mwanamke wa miaka hamsini na sita,
nakariri yo, tú, él, ella,
jicho moja likitafuta fimbo iko wapi.

Mwanangu Magige alikwenda Chile kusomea migodi,
akarudi na Milagros.
Akamwacha kwangu Tabata, mwenyewe yuko Geita:
wiki sita kazini, wiki mbili nyumbani.
Hizo sita ni zetu, mimi na yeye,
na kimya kinachoketi nasi kama mtu wa tatu,
kikila kuliko sisi.

Meza ndiyo iliyoanza kutusaidia.
Mesa, alisema, akaipiga kofi.
Meza, nikasema, nikaipiga na mimi.
Tukatazamana.
Limau, limón. Bendera, bandera.
Tukazunguka nyumba nzima tukitafuta
ndugu wengine waliopoteana.
Aliposema casa nilicheka hadi nikakaa chini:
kwetu kasa ni yule anayetembea na nyumba yake mgongoni.
Siku aliyotangaza papa nikaandaa ndimu na pilipili,
akatoka jikoni na sufuria ya viazi.

Nilipohamia mji huu kutoka Tarime
Ilala nzima ilinicheka.
Nikilala, nasema ninarara.
Mwenye duka akanibatiza Mama Mchere.
Basi nikajifunza kuukunja ulimi,
kuuficha kama mtu afichavyo kovu.
Leo Ombeni anasema perro, anakwama, anarudia.
Mimi nasema perro,
na mbwa wa jirani anabweka.
Milagros anapiga makofi, mikono yote unga.
Miaka thelathini na kitu nimeibeba r hii
nikidhani ni aibu,
kumbe nilikuwa namtunzia mtu.

Juzi Ombeni kaniletea vitenzi viwili vya kuwa.
Ser. Estar.
Akachora duara, akachora mishale,
hiki cha kudumu, hiki cha kupita,
jasho likamtoka, jokofu likajaa.
Nikamwambia, kaa unywe chai, mwanangu.
Mimi ni Nyangi. Niko Tabata.
Ni, na niko.
Akanyamaza. Halafu akatoa kalamu, akaandika.

Usiku ule masika yalishuka juu ya bati.
Kwao, anasema, ni jangwa,
mwaka unaweza kupita bila tone.
Nilimkuta barazani, mikono kaitoa nje,
maji ya paa yakimpiga viganjani.
Nikamuuliza kwa Kihispania changu cha viraka, una nini?
Estoy sola.
Nikalishika neno kabla sijalimeza.
Hakusema soy.
Hakusema yeye ni mpweke. Yuko tu,
kama mtu aliyeko Ubungo na mizigo yake
akingoja kutoka hapo.
Sikuwa na kitenzi cha kumjibu.
Nikaleta ndoo ya pili, nikaikinga chini ya mchirizi,
nikasimama.
Yo también, nikasema.
Akasogea kunipisha.
"Karibu," akasema, kama mwenye nyumba.

Alhamisi Ombeni kasahihisha daftari.
Swali la saba nimeandika: estoy suegra.
Kalikata kwa wino mwekundu.
Mama mkwe, anasema, ni jambo la kudumu,
hapo panatakiwa soy.
Nikamwambia afute alama yake, aliache hivyo hivyo.
Bado sijafika.
Niko njiani.