Mwaloni wa Ludlow

Wataalamu walikuja na taa zao za zambarau,
wakamvua fremu kama mgonjwa avuliwavyo shati.
Bi Hesketh, mwenye funguo za makumbusho,
alisimama kando, chai ikimpolea mkononi.
Miaka arobaini amewaambia watoto wa shule:
"Huyu ndiye Ambrose Thirkell, bwana wa tamthilia.
Tazameni wino kidoleni."

Wino ni uchafu, walisema. Masizi ya mshumaa.
Kisha wakahesabu pete za ubao, moja moja,
wakanong'onezana:
mwaka aliozikwa Thirkell
mwaloni huu ungali msituni, unachipua.

Mtaani vikombe vyenye sura yake bado vinauzwa,
pauni sita,
na mvua ni ileile.

Mimi nilibaki kufunga madirisha.
Nikamtazama yule aliyepokonywa jina:
kola imemkaba, jicho moja limechoka kungoja.
Mtu fulani alikaa kitini kutwa nzima,
shingo ikimuuma, rangi kailipia mwenyewe,
na hakuna aliyeuliza
yeye, basi, ni nani.

Bi Hesketh akarudi na kitambaa,
akampangusa vumbi begani.
"Lala salama, Ambrose," akasema,
akazima taa.