Irevokabo

Neno hilo hakimu alilitamka mara moja tu,
akiwa bado anatafuta miwani:
irevokabo.
Kisha akanitazama mimi, mkalimani,
kama mtu anayempa mwenziwe gunia na kusema shika.

Miaka kumi na tisa nimekalia kiti hiki cha Makadara
chenye mguu mmoja mfupi,
na najua maneno ya aina hii yanavyoingia mahakamani:
yamevaa suti, hayaketi.
Lakini nimeyaona pia yakitoka nje.
Pamanenti, kwa mfano. Ilifika kwetu imeuma meno,
tukaiongezea irabu, ikalegea,
ikaajiriwa pamoja na kaka yangu Wafubwa
katika kiwanda cha sabuni, Indasto,
na asubuhi moja wote wawili wakakuta kufuli langoni.
Fainali nayo tuliipeleka uwanjani,
halafu tukaihamishia uzeeni,
huko inakongoja, inatungoja.
Na fiksi! Bei fiksi, anaapa muuza makoti wa Gikomba,
nawe ukigeuza kisigino tu
bei inakukimbilia ikikuita dada.
Huko Dar, nasikia, fiksi ni uongo mtupu.
Walituwahi.

Wanasema pia: limechongwa kwenye jiwe.
Nilimwambia hayo jirani yangu Muthengi,
anayechonga mawe ya makaburi kando ya barabara ya Lang'ata.
Akacheka hadi vumbi likamtoka kwenye nyusi.
Juzi tu alirudishiwa jina lililokosewa herufi,
akasaga jiwe unene wa kucha, akaandika upya,
na marehemu hakulalamika.
"Jiwe ni sikivu," akasema. "Shida ni wenye jiwe."

Sasa mbele yangu yuko Bi Syokau, kilemba cha kijani,
anasugua kidole gumba
kana kwamba wino wa mwaka juzi bado upo.
Kwa dole hilo alitia sahihi karatasi
iliyompa mpwa wake mamlaka juu ya ploti ya Kayole,
vyumba sita vya mabati na mpera mmoja,
na leo mpwa ameleta wakili,
na wakili ameleta neno.

Nikapekua kichwani. Isiyobatilika. Isiyotenguka.
Lugha yangu haina ukuta hapo, ina mlango uliofungwa tu:
ile ki ya mwishoni
daima inanong'ona kwamba kuna aliyesukuma.
Maji hayazoleki,
basi kuna aliyeinama akakomba matope kwa viganja.
Hasahauliki,
basi kuna aliyekesha akijaribu.

Nikamwambia, "Mama, wanasema karatasi hiyo haitenguki."
Akafikiri. Koo likapanda, likashuka.
"Nani ameitengua ikamshinda?"

Kazi yangu si kujibu. Kazi yangu ni kuvusha.
Nikalivusha swali lake hadi Kiingereza, lote,
likaingia kule peku,
na kwa mara ya kwanza siku hiyo feni ikasikika.
Wakili akafungua faili, akaifunga.
Hakimu akaivua ile miwani aliyoitafuta sana,
akauliza ni nani hasa aliyemsomea mama huyu karatasi ile,
na kwa lugha ipi.
Mpwa akatazama viatu vyake. Viatu vizuri.

Kesi ikaahirishwa hadi tarehe kumi na nne.

Nje, Bi Syokau alikuwa akichagua ndizi,
akizibonyeza moja moja, hamwamini muuzaji.
Aliponiona akanishika mkono wa sweta.
"Na hiyo tarehe kumi na nne," akauliza,
"nayo haibadiliki?"
"Hiyo, mama," nikasema,
"njoo na chupa ya chai."