Randa

Mwenyekiti, naomba nafasi.
Na usinitazamie saa,
tumekusubiri tangu saa nne asubuhi,
maji yako ya chupa yametangulia mezani kabla yako.

Meza hiyo unayoiegemea ni mninga.
Niliiranda mimi, hapahapa Keko, mwaka ule wa mafuriko.
Chama hakikuwa na hela. Nikasema: mtalipa mkipata.
Mmepata.
Sikuja kudai.

Nimekuja kwa ajili ya Mwanahawa Pongwe.

Tulipiga kura chini ya mabati haya,
feni imekufa, watu wamefurika
hadi kwa muuza mihogo pale nje.
Mia na arobaini na wawili walimtaka yeye.
Kumi na tisa walimtaka yule kijana wa Masaki
aliyeuliza Keko Magurumbasi iko wapi
naye amesimama Keko Magurumbasi.
Nilihesabu mimi, nikarudia,
penseli ya useremala sikioni.
Karatasi ikapanda juu.
Huko juu ikateremka na jina moja,
na halikuwa la Mwanahawa.

“Vikao vimeamua.”
Vikao! Neno hili limekuwa godoro,
kila mwenye usingizi analilalia.

Najua linalofuata: mzee huyu ametumwa.
Mshamu pale nyuma kalamu yake inakimbia.
Andika, Mshamu, andika vizuri:
Sefu Ung'ando, na ile alama ya katikati usiidondoshe.
Nimetumwa, ndiyo,
na watu mia na arobaini na wawili.

Upande wa pili nao walinifuata.
Kijana wao alikuja karakana na fulana mpya, saizi yangu kabisa.
Nikampa chai. Fulana nikamrudishia.
“Lakini mzee, si unawasema wenzako kila siku?”
Nawasema kwa kuwa ni wenzangu, mwanangu.
Wako wewe nitawasemeaje? Hata majina yao siyajui.

Kwangu chama si picha ukutani.
Chama ni marehemu Pazi, katibu wetu,
aliyekuja usiku na gunia la mkaa begani
siku tuliyompoteza Mama Shani.
Alikaa matanga yote, akiosha masufuria na kina mama.
Hakuja na mpiga picha.
Huyo ndiye aliyenipa kadi.
Nikiwaangalia nyinyi, namtafuta yeye.
Siku nyingine namwona kidogo, kwenye kona ya jicho la mmoja wenu.
Siku nyingine simwoni.

Mimi ni fundi, sijui hotuba.
Mbao yenye fundo siitupi.
Naibana kwenye jiliwa, napiga randa,
inalia, napiga,
mpaka uso wake halisi utoke.
Randa haijawahi kuichukia mbao.
Anayepaka vanishi juu ya mchwa,
akasimama kando akisifia mng'ao,
huyo ndiye wa kumwandika, Mshamu.

Mnaitaka kadi? Siitoi.
Picha yake ina nywele, mimi sina tena,
lakini ada nimelipa hadi mwezi huu,
risiti zimo kwenye kopo la misumari.

Basi, nakaa.

Ila Mwenyekiti, mguu wa meza, huo wa upande wako,
unacheza. Usiuegemee sana.
Kesho Jumamosi, zamu yangu kufungua ofisi.
Nitakuja na nyundo.