Kadi za Mizizi

Kadi mia mbili, nimezifunga kwa mpira wa nywele:
upande huu mzizi, upande wa pili maana.
Mtihani wa uuguzi ni Jumatatu.
Meza ya jikoni kwa bibi, Oakleigh, Melbourne,
ina kitambaa cha plastiki chenye malimau
na alama ya pasi tangu mwaka niliozaliwa.

Nasoma kwa sauti: hidro.
Bibi yuko kwenye sinki, anakwangua sufuria.
"Maji," anasema, hageuki.
"Ila hayo ni maji ya marehemu. Sisi tunakunywa nero."
Kadio. "Moyo."
Nefro. "Figo. Za kondoo, kwa limau."
Derma. "Ngozi. Hiyo unayoichubua kidoleni. Acha."

Miaka thelathini na minane alipiga deki
katika hospitali ileile nitakayovalia sare.
Kwenye fomu, penye swali la Kiingereza,
mtu alimjazia: hajui.
Naye kila usiku akasukuma ndoo
chini ya vibao vya lugha ya mama yake,
mlango baada ya mlango,
maneno ya kwao yamepakwa rangi ya bluu,
yameingia humo bila yeye kuulizwa.

Manu, nasoma. Kimya.
"Hilo si letu. Muulize Nives."
Nives, mzaliwa wa Trieste, yuko ng'ambo ya uzio
anafunga mashina ya nyanya kwa soksi kuukuu.
"Mkono!" anapaza, anainua wake wenye udongo.
Wakaanza. Kadia, anasema bibi. Kuore, anasema Nives.
Moyo wa nani ulitangulia?
Nawaambia Kiingereza kilichukua yote miwili,
mmoja kikaupeleka wodini,
mwingine kikauita ujasiri.
"Mwizi," wanasema kwa pamoja,
mara ya kwanza tangu ugomvi wa mtini.
Na televisheni? Mbali ni ya bibi, kuona ni kwa Nives.
Basi ndiyo maana, anasema Nives, haishiki picha vizuri.

Kseno.
Bibi anafuta mikono, anakuja kukaa.
Hilo limo ndani ya jina lake: Polikseni,
mwenye wageni wengi.
"Kadi yako inasemaje?"
Mgeni.
"Mgeni yupi? Wa kuwekewa kiti, au wa kufungiwa mlango?"
Kadi haisemi.
"Kwetu ni neno moja. Unafungua kwanza, ndipo unajua."
Namwonyesha walivyoliunga na woga
likawa ugonjwa wa mataifa.
Anaitazama kadi kwa muda mrefu.
"Fobo nayo ni yetu," anakiri,
na kurudi kwenye sufuria.

Sikumwambia bibi nilikofika na kadi Alhamisi,
kwenye kiti cha bluu, ghorofa ya tatu,
daktari Hallam akiwa na karatasi mkononi.
Alinitazama mimi. Alizungumza na mimi.
Alitafuta njia ndogo ya kulipitisha neno kubwa
juu ya kichwa cha kizee kilichofungwa kitambaa.
Metastasi, alisema,
akavuta pumzi ili anifafanulie.

Bibi alikuwa ameshafika.
"Imehama," alisema kwa Kiingereza chake chote.
Kisha kwa Kigiriki, kwangu:
"Haikupenda ilipokuwa. Hata mimi.
Mwaka wa sitini na nne, sanduku moja,
nikaondoka Kithira bila kumuaga baba."
Akafungua mkoba, akampa daktari peremende,
kwa kuwa alikuwa kijana na macho yamemjaa.

Jumatatu. Swali la arobaini na moja.
Lilikuwa neno hilohilo, limekaa peke yake
na mistari miwili mitupu chini yake.
Niliandika: kuhama.
Nikakaa.
Saa ya ukutani ilikuwa na kelele.
Nikafuta,
nikaandika walichokitaka.