Mgeni Njoo

Walinitoboa nyonga mwaka juzi, huku na huku,
wakateka uboho wangu kama maji ya kisima cha kiangazi,
wakampa Nyemo, dada yangu, mwenye selimundu.
Mama akasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Akapona. Mwaka mzima mifupa haikumliza.
Hata kundi la damu akachukua langu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wangu hakusubiri kupewa.
Alianza na ngozi: mikono ya Nyemo ikakakamaa
kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani Mnadani.
Kisha macho. Analia pasipo chozi,
na upepo wa Agosti, Dodoma hii, hauoni huruma.
Kisha kinywa: ugali wa uwele haupiti bila mlenda,
na mlenda wenyewe unamchoma.
Sasa ni mapafu. Ngazi za wodini anazipanda kwa mafungu.

Predinisoloni ilimvimbisha uso, ikampa kisukari,
ikamnyang'anya usingizi.
Mgeni hata hakugeuka.

"Ile ilikuwa mvua ya mawe," anasema Daktari Kaijage,
"hupiga gugu, hupiga na mtama. Sasa tulenge."
Anachora nyuma ya fomu: seli zangu, vimishale, milango.
Kidonge hiki hufunga mlango zinaponong'onezana vita,
ila hushusha damu, hukaribisha mkanda wa jeshi.
Hiki kingine hulegeza makovu,
ila hakipo nchini; kibali, ndege, na bei
aliyoiandika bila kuitamka.
Ipo na mashine: damu hutoka, humulikwa, hurudi,
haimvui mtu kinga. Lakini iko ng'ambo,
na mishipa ya Nyemo imejificha chini ya ngozi ngumu.

"Ipi nzuri?"
"Nzuri kwa kiungo kipi? Kwa mfuko upi?"
Halafu, taratibu: "Hakuna kipimo cha kunibashiria.
Tutajaribu miezi mitatu, minne. Tutapima pumzi.
Ikikataa, tutabadili."

Mimi ni mpogoaji. Mpunguzi yote wananijua:
zabibu ikishikwa na ubwiriunga
nakuonyesha jani la kwanza, nakata, shamba linabaki.
Leo nimeshika mkasi na sijui pa kukata.
Kila tawi ni mimi.
Na tukimng'oa mgeni mzima,
nani atakayezuia selimundu isirudi mlangoni?

Nyemo alikuwa kimya muda wote, ameshika kile kikaratasi.
Akashusha barakoa.
"Ngozi nimeizoea," akasema. Akavuta hewa.
"Anzeni na pumzi. Kidonge kilichopo, leo.
Hicho cha ndege, jazeni fomu nacho kije."
Daktari akaandika.

Nje, kwenye benchi la kusubiria dawa,
akanikanyaga mguu kama tulipokuwa watoto:
"Na wewe zungumza na watu wako.
Waambie nyumba hii ina mwenyewe."