Huenda

Droni yetu ilizoea harusi.
Shaame aliinunua Chake kwa mkopo wa miezi kumi na minane,
na mkono wake mmoja bado una gundi ya ua la plastiki
alilobandikiwa bwana harusi mmoja wa Mtambile, likaruka naye.
Leo inakwenda juu ya majani ya bahari,
baina ya Makoongwe na Kisiwa Panza,
mita arobaini, kwenda na kurudi,
kama mtu anayepiga deki ukumbi usio na kuta.

Tunamtafuta nguva.

Mimi sirushi. Mimi ni macho.
Nakaa Mkoani, chumba cha nyuma cha ofisi ya uvuvi,
feni inazunguka kwa kusitasita,
kompyuta inanipa bahari vipande vipande:
picha elfu mbili mia tatu na sita.
Kila picha ina swali moja chini yake,
na kila swali visanduku vitatu:
hakika, huenda, hapana.

Hapana: kasa, amekuja kupumua.
Hapana: pomboo wanne na mtoto
(hao wana daftari lao).
Hapana: kiroba.
Hapana: kivuli cha droni yenyewe,
kidogo, chenye miguu minne,
nilichokifuata picha saba nikidhani kina roho.

Picha ya mia sita na kumi na mbili: wanawake wa mwani,
maji magotini, kamba mikononi,
wote wamejifunika kanga usoni kwa pamoja
kama waliopigiwa hodi na mtu asiyengoja karibu.
Mmoja tu ametazama juu.
Namjua. Ni Bikombo, mke wa ami yangu,
na mdomo wake umenaswa katikati ya tusi.
Kisanduku cha tusi hakipo.
Nikabonyeza hapana.

Wa mwisho aliingia kwenye jarife
mwaka ambao dada yangu alikuwa bado tumboni.
Baba aliletewa kipande kwenye jani la mgomba.
Anasema kilikuwa kama nyama ya ng'ombe,
kisha hunyamaza, hutazama vidole.
Huyo ndiye nguva pekee tuliye na hakika naye.

Halafu, picha ya elfu moja mia moja na kumi na nne.
Kijani kitupu, na ndani yake mistari
myeupe, ya mchanga, mitano au sita,
inapinda bila haraka,
upana wa shibiri moja,
kama kichwa cha mtoto kilichonyolewa na kinyozi mwenye usingizi.
Nikasimama. Nikaketi. Nikaikuza
hata bahari ikawa miraba.
Hayupo. Lakini amekula.
Huenda amekula.

Ijumaa nikavuka Panza na simu yangu,
nikamwonesha Bikombo.
Alikuwa anaanika, hakufuta mikono.
"Hiyo? Naikanyaga kila bamvua.
Miye nikidhani nanga."
Nikamwambia nanga huburura moja kwa moja, hii inapinda.
"Na mwenye nanga akiwa amelala?"
Akarudi kwenye mwani wake.
Baadaye, bila kugeuka:
"Lakini nanga haili mizizi.
Pale mizizi haimo."
Na nilipokwisha kuvaa viatu:
"Mwambie Shaame akija tena juu ya vichwa vyetu, nna jiwe."

Usiku nikaifungua tena picha ile.
Mshale ulikaa juu ya hakika
muda wa chai kupoa.
Nikabonyeza huenda.

Shaame akapiga simu: nakili picha zako upesi,
kadi yaitakiwa tupu,
Jumamosi kuna harusi Wete,
na bibi harusi anataka aonekane kutoka juu,
yeye peke yake,
katikati ya zulia la kijani.