Glavu ya Buluu

Mara ya kwanza nilimbadilishia sili ya nyuma ya krenki.
Akalipa taslimu, noti zinanukia sabuni,
akarudi baada ya wiki tatu na habari ya doa lilelile
kwenye theluji ya uani kwake, jeusi, upana wa sahani.
Mara ya pili nikabadilisha sili tena,
nikailaumu ile ya kwanza.

Ndivyo nilivyofunzwa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Basi nikaziba. Fundi mzibaji.
Na oili ikatafuta ufa mwingine,
kwenye gasketi ya juu,
kwenye tundu la kijiti cha kupimia,
ambacho asubuhi moja Bi Doreen Halcrow alikikuta
kimechomoka chenyewe, kimesimama
kama kidole cha mtoto anayeomba ruhusa darasani.

Brandon, Januari. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Hewa ya huku haiingii puani, inakwangua.
Mlango wa gereji ukifunguliwa, ukungu huingia kwanza,
kisha gari, kisha Bi Doreen na mkoba wake na samahani zake,
kana kwamba yeye ndiye aliyevuja.

Safari hii sikushika spana.
Niliiacha injini ingurume taratibu,
nikafungua kifuniko cha oili, nikakipindua:
utando wa rangi ya chai ya maziwa,
mzito kama mtindi uliosahauliwa.
Maji hayo. Yalipaswa kutoka yakiwa mvuke.
Nikavua glavu yangu ya mpira, ya buluu,
nikaivisha mdomo wa injini.

Ikajaa.
Kidole gumba kwanza, halafu vingine vyote,
mkono mzima ukasimama, umevimba,
unanipungia.
Haukuwa unaniaga.
Ulikuwa unasema: fundi, nimebanwa.

Moto ukilipuka silindani, moshi kidogo hupenya kando ya ringi,
hushuka hadi kwenye krenki. Huo si ugonjwa;
hata mtu mwenye adabu zake hucheua.
Ugonjwa ni kukosa pa kucheulia.
Na mimi, mara mbili, nilikuwa nimeziba.
Hakuna methali iliyonionya kwamba kuna pa kuzibua.

Bomba la kupumulia lilikuwa nyuma ya manifoldi,
mahali ambapo aliyelichora hakuwahi kutia mkono wake.
Saa mbili, vifundo vya vidole vinatoka damu.
Ndani: barafu. Chini ya barafu, lami.
Valvu nikaitikisa sikioni.
Valvu nzima hulia, kama punje ndani ya kibuyu.
Hii ilinyamaza kama shahidi aliyehongwa.

"Unaendesha kwenda wapi?" nikamuuliza.
Dukani, dakika nne. Kanisani, tatu.
Zamani Jumanne alikuwa akienda Souris
kwa dada yake, Maxine, mwendo wa nusu saa na zaidi,
lakini Maxine alifariki Agosti.
Alilisema hilo akiitazama mashine ya kahawa.

Nikafungua daftari langu.
Sili ya kwanza: Novemba.

Sikuwa na neno bora kuliko la fundi.
Nikamwambia injini yako haipati joto,
safari fupi zinaiachia maji yake kifuani.
Kila wiki iendeshe nusu saa bila kuzima,
barabara kuu, mbali, popote.
"Popote?"
Popote.

Bomba jipya, valvu mpya. Sili sikuigusa.
Ufundi sikuutoza: deni langu hilo,
la sili mbili zisizo na hatia.
Nikairudisha glavu mdomoni mwa injini.
Ikalegea, ikanywea, vidole vikazama ndani
kimoja kimoja,
kama mtu anayetafuta chenji mfukoni.

Jumanne nililiona gari lile la kijivu
likishika njia ya kusini, mvuke mweupe nyuma yake,
mwendo wa pole, taa moja ya breki haiwaki.
Hilo nitamwambia akirudi.